Maongezi na Bwana Shamba: "Watoto Wanacheza Tu"

Mwezi huu sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Nitasema juu ya watoto wadogo, wale ambao bado hawajafika darasa la kwanza. Msishangae. Bwana shamba huingia katika nyumba nyingi, na husikia mengi.

Katika mji wetu mdogo kuna shule ya awali. Ina chumba kimoja, mwembe mmoja na mwalimu mmoja. Siku hizi baadhi ya wazazi wanawatoa watoto wao. Mama mmoja aliniambia sokoni, "Bwana shamba, mwanangu amekwenda pale miezi mitatu. Kila siku nikimwuliza amesoma nini, ananijibu wamecheza. Kucheza si anaweza kucheza nyumbani? Tena atanisaidia kumshika mdogo wake." Sasa mtoto wake haendi tena shuleni.

Maneno ya mama huyu si ya kijinga. Yeye huchanga mahindi ya uji na fedha ya mwalimu. Ana haki ya kuuliza anapata nini. Mkulima akinunua mbegu, huuliza kama itaota. Basi na sisi tuichunguze michezo hiyo kama tunavyochunguza mbegu.

Asubuhi moja nilikaa chini ya mwembe ule nikatazama. Watoto wanne walikuwa na mchanga, kopo kubwa na kikombe. Mmoja alisema kopo litajaa kwa vikombe vitatu. Mwenzake alibisha, akasema vitano. Wakajaza, huku wakihesabu kwa sauti. Vikawa vikombe sita. Mwalimu hakuwaambia, "Mmekosa." Aliwauliza, "Na ndoo ile je?" Wakaanza tena.

Ndugu zangu, hicho ni kipimo. Ni wangapi kati yetu tumeuza mahindi kwa debe lililopanuliwa, au kwa gunia la lumbesa, tusijue tumepoteza kiasi gani? Mtoto anayejua kwamba kopo hili huchukua vikombe sita, wala si vitano, ameanza kujifunza kujilinda sokoni.

Upande wa pili kulikuwa na duka. Fedha ilikuwa majani ya mwembe. Sabuni ilikuwa kipande cha tofali. Mwenye duka alikataa kurudisha chenji, ukazuka ugomvi. Mwalimu alingoja. Watoto wenyewe walisemezana mpaka wakapatana. Watoto wengi hapa kwetu huzungumza Kisukuma nyumbani, na Kiswahili hukisikia zaidi redioni. Katika duka lile walilazimika kuomba, kukataa na kudai kwa Kiswahili. Mtoto akifika darasa la kwanza bila kukielewa Kiswahili, hukaa kimya nyuma ya darasa, na watu husema hana akili.

Wengine walikuwa wakifinyanga ng'ombe kwa udongo. Ng'ombe mmoja alikuwa na nundu nzuri sana, lakini miguu mitatu. Wenzake walimcheka mfinyanzi, naye akaongeza wa nne. Vidole vinavyofinyanga udongo hupata nguvu na ustadi wa kushika kalamu. Wengi wenu mlioanza kusoma ukubwani mnakumbuka jinsi kalamu ilivyokuwa nzito kuliko jembe. Jasho lilitoka kwa kuandika jina tu.

Mzee mmoja alinipinga. Alisema, "Sisi hatukufundishwa kwa michezo." Mzee wangu, shikamoo, lakini mlifundishwa hivyo hivyo. Mlicheza mdako. Mlirusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka mkavuta mengine kutoka shimoni, moja moja, kisha mawili mawili, kisha matatu matatu. Mkakua, mkacheza bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji mzuri huona kete zitaishia wapi kabla hajazigusa. Hiyo ni hesabu, ingawa hakuna aliyeiita hesabu.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mwalimu wa awali hatakiwi kuwakalisha watoto kwenye mkeka asubuhi nzima wakiimba herufi. Anatakiwa kuwafundisha kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo. Kwa hiyo, mwalimu wetu anapowachezesha watoto, yuko kazini.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, kwa sababu wakulima wa nchi nyingine nao waliwahi kushauriana juu ya shule ya watoto wadogo. Kaskazini mwa Italia kuna mji uitwao Reggio Emilia. Karibu na mji huo kuna kijiji cha Villa Cella. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha huko, mwaka 1945, nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Jeshi la Wajerumani lilipokimbia liliacha kifaru, yaani gari la chuma la vita. Liliacha pia malori machache na farasi kadhaa. Wanakijiji waliamua kuviuza vyote.

Basi wakakaa kushauriana fedha hiyo ifanye kazi gani. Wengine walitaka jumba la maigizo. Wanawake walitaka shule ya watoto wadogo. Wanawake wakashinda. Fedha ya kifaru haikutosha, lakini watu walikuwa na mikono. Mkulima mmoja alitoa kiwanja. Waliokota matofali katika nyumba zilizobomoka. Mchanga waliuchota katika mto Enza. Walijenga usiku na siku za Jumapili, kwa sababu mchana walikuwa mashambani.

Mwalimu mmoja kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo. Hakuamini. Alipanda baiskeli akaenda kuona kwa macho yake. Akawakuta kweli wanajenga. Tangu siku hiyo alishirikiana nao, na kazi ya shule za watoto wadogo aliifanya mpaka alipofariki mwaka 1994. Alifundisha kwamba mtoto ana njia nyingi za kusema anachofikiri: kuchora, kufinyanga, kujenga, kuimba na kuigiza. Mwaka 1963 halmashauri ya mji wa Reggio Emilia ilifungua shule yake ya kwanza ya namna hiyo, na nyingine zikafuata. Katika shule hizo wazazi hukaa pamoja na walimu kushauriana. Leo walimu wa nchi nyingi husafiri kwenda kujifunza kwa wajukuu wa wakulima wale.

Siwaambii habari hii ili tutafute kifaru. Nataka mtazame nani aliamua, nani alibeba matofali, na nani aliendelea kuitunza shule baada ya kufunguliwa. Hapa kwetu mwalimu huteka maji peke yake, hukoka moto peke yake, hupika uji peke yake, kisha ndipo hufundisha. Mzazi humwacha mtoto mlangoni na kurudi saa sita. Mzazi wa namna hiyo atajuaje kilichofanyika? Ataambiwa "tumecheza," basi.

Mimi naona kila mzazi akae chini ya mwembe ule asubuhi moja kwa mwezi. Akina baba pia, wala wasisingizie ng'ombe. Bibi anayesuka vikapu aje asuke pale pale, watoto wamwone akihesabu ukindu. Fundi seremala atoe vipande vya mbao anavyotupa, lakini kwanza avipige randa visichome. Mfinyanzi alete udongo wake ulio laini.

Mimi nimeahidi bustani. Tutaanza na maharage. Kila mtoto ataweka punje katika pamba iliyolowa, ndani ya chupa ya maji iliyokatwa. Baada ya siku chache punje huvimba, ngozi hupasuka, na mzizi hutoka kwanza. Hapo kuna jambo ambalo hata watu wazima wengi hawajalitazama. Ukiigeuza punje kichwa chini, mzizi hupinda wenyewe na kuelekea chini. Chipukizi nalo hupinda na kwenda juu. Mwalimu asiwaambie mapema. Awaache walione wenyewe, wabishane, wageuze tena. Kila asubuhi watapima mche kwa kijiti. Ila punje hizo wasizile, maana maharage mabichi huumiza tumbo.

Yule mama wa sokoni ana shida nyingine, na shida hiyo haimalizwi kwa maneno yangu juu ya mchanga na kopo. Wakati wa palizi hana mtu wa kumshika mtoto mchanga. Nilimwuliza kama majirani zake wana watoto wachanga. Akasema wako wawili. Basi wanawake watatu wanaweza kupeana zamu: mmoja abaki na watoto wachanga, wawili wapalilie, na kesho wabadilishane. Alisema atazungumza nao. Nami nilizungumza na mume wake, kwa sababu mtoto ni wa wote wawili.

Mwisho, vitu vya kuchezea. Wazazi mnaotaka kupeleka makopo shuleni, nisikilizeni vizuri. Pelekeni ya maziwa, ya mafuta ya kula au ya chumvi, yasiyo na ncha kali. Msipeleke kamwe chupa au kopo la dawa ya pamba, hata likioshwa kwa sabuni mara kumi. Sumu hubaki. Chupa ya dawa ikiisha, isuuzeni mara tatu, maji yake yaingie katika bomba la kupulizia dawa shambani, kisha toboeni chupa isitumike tena. Mniulize mahali pa kuipeleka.

Mbegu za kuhesabia nazo si zote ni salama. Mbegu za nyonyo ni nzuri kwa macho, lakini ni sumu kali. Mbono kaburi ni sumu pia. Zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengine huziita macho ya tipitipi, zisionekane kabisa karibu na watoto. Mbegu yake moja ikitafunwa yaweza kuua. Tumieni vizibo vya soda vilivyopondwa kingo, magunzi ya mahindi na mawe makubwa kuliko kinywa cha mtoto. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe punje yo yote, maana huitia puani au humpalia.

Na mahindi ya uji yachambuliwe. Yenye ukungu yasiletwe shuleni, wala karanga zilizosinyaa. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha. Juu ya sumukuvu na namna ya kukausha mahindi baada ya mavuno, tutaongea mwezi ujao.