Kirumba yetu: kilichobaki kina mwenyewe, kilichopotea kilikuwa cha wote

Siku hizi kila nikikaa kijiweni hapa Kirumba mada ni ileile: mtaa umebadilika mpaka hatuutambui. Wazee wanalalamika, vijana wanacheka, dalali naye anapita anauliza kama kuna mtu anauza. Mimi nimeishia form four, siyo msomi wa mipango miji, lakini nimekulia hapahapa na macho ninayo. Nimekaa chini nikajiuliza: ni nini hasa kimeondoka, na kwa nini vitu vingine havijaguswa? Jibu nililopata linatuhusu zaidi sisi wapangaji na vijana kuliko hao wenye nyumba.

TUANZE NA NAMBA

Sensa ya 2002 ilikuta watu kama 476,000 katika wilaya za Ilemela na Nyamagana kwa pamoja, ambazo ndizo mji wa Mwanza. Sensa ya 2012 wakawa kama 706,000. Ya 2022 wakapita milioni 1.1. Yaani ndani ya miaka 20 tumezidi mara mbili, lakini ziwa ni lilelile na milima ni ileile. Dodoma mji ukijaa wanasogea porini. Sisi ukisogea huku unakutana na maji, ukisogea kule unakutana na mawe.

Sasa iweke Kirumba kwenye ramani hiyo. Katikati ya mji unakwenda kwa miguu. Barabara ya kwenda airport imetupitia. Mwaloni, soko kubwa la samaki na dagaa, liko kwetu. Rock City Mall ilisimama hapo jirani katikati ya miaka ya 2010. Daraja la waenda kwa miguu pale Furahisha likafunguliwa 2017. Hakuna mtu mwenye hela asiyetaka kuwa hapa. Kwa hiyo kubadilika ilikuwa lazima, hilo sibishi. Ninachouliza ni nani amelipia mabadiliko hayo.

SAMAKI NDIYE ALIYETUJENGA

Mwanza ya babu zetu ilikuwa mji wa pamba. Reli kutoka Tabora ilifika 1928, pamba ya Usukuma ikawa inateremka kwa treni, na hata timu yetu ikaja kuitwa Pamba. Halafu akaja sangara. Huyu samaki siyo wa asili ya ziwa hili, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Miaka ya 1990 vikasimama viwanda vya minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Mwaka 2004 Hubert Sauper akatoa filamu yake, Darwin's Nightmare, dunia nzima ikaona Mwanza ya mapanki. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaja juu kuipinga, watu wakaandamana.

Mimi sirudii ugomvi ule. Nasema tu kwamba kwetu mapanki yalikuwa mboga kama mboga nyingine. Mifupa na kichwa cha sangara, unakaanga, unapika na nyanya, siku imepita. Samaki alileta Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya, Waluo, wote wakapanga nyumba moja na Wasukuma, choo kimoja, bomba moja kama lipo. Alileta wafanyabiashara wa Kongo wanaofuata dagaa na kayabo pale Mwaloni mpaka leo. Mama wa dagaa alisomesha watoto, kuli alijenga kibanda mlimani.

Lakini sangara alianza kupungua ziwani, viwanda vikapunguza kazi. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara ya kupambana na uvuvi haramu, nyavu zikachomwa. Siingii hapa kama ilikuwa haki au la. Nachosema ni kile nilichokiona mtaani kwetu: mtu aliyekuwa anaweka hela kwenye mtumbwi na injini sasa anaiweka kwenye kiwanja. Banda la uani linavunjwa, inajengwa nyumba ya vyumba kumi yenye geti. Mbele zinatolewa fremu. Ziwa lilikuwa shamba la kila mwenye nguvu, ila kiwanja ni shamba la mwenye mtaji.

Nyumba niliyokulia, chumba kimoja nakumbuka tulilipa elfu kumi na tano kwa mwezi. Ikauzwa, tukapewa miezi mitatu tuondoke. Leo chumba cha namna ile hapa hupati chini ya elfu hamsini, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Wenzangu wengi niliosoma nao msingi wako Buswelu, Nyamhongolo, Kisesa. Asubuhi wanapanda hiace kuja kufanya kazi kwenye mtaa walikozaliwa.

VITU VITATU VYA BURE

Hilo la kodi kila mtu analiona. Hili lingine halisemwi sana. Utoto wa Kirumba ulikuwa wa kimaskini, ila ulikuwa na vitu vitatu vikubwa ambavyo hakuna aliyetudai hela: ziwa, mawe na uwanja.

Ziwani tuliogelea, tulifua, tulivua furu kwa ndoano ya kuokoteza. Najua mtu atasema kichocho, na ni kweli, kichocho tulikipata. Sisemi zamani ilikuwa peponi. Lakini tembea leo ufukweni uhesabu mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwenye maji bila kukutana na ukuta, hoteli au bango la usipite. Wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa! Na maji yenyewe yakaja kudai nafasi yake: mwaka 2020 na tena 2024 Ziwa Victoria lilipanda vibaya, likawafuata watu mpaka mlangoni. Waliokuwa wamejenga chini kabisa walijionea.

Mawe nayo yanakwenda. Watu wanaita Mwanza Jiji la Miamba, kwa picha za watalii. Huku kwetu jiwe linawekewa moto mpaka linapasuka, kina mama wanagonga kokoto, kokoto inakwenda kujenga ghorofa la mtu. Mwanamama anayegonga simlaumu, ndiyo kazi iliyopo. Lakini yale mawe ndiyo yalikuwa uwanja wetu wa kombolela, pa kujisomea jioni, pa kukaa na msichana mkaongea bila kusimangwa.

Na uwanja. Hapa siongelei uwanja mkubwa, naongelea vile vya vumbi vya chandimu na rede. Nikiwa darasa la tatu tulikuwa na vitatu vya kutembea dakika tano kutoka kwetu. Kimoja sasa ni fremu za vifaa vya ujenzi. Cha pili ni gereji. Cha tatu ni nyumba ya mtu yenye uzio na waya wa umeme juu. Siwezi kuwaambia nani aliuza, maana kila ukiuliza unaambiwa palikuwa pa mtu tangu zamani.

MBONA CCM KIRUMBA HAIJAUZWA?

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Uwanja wa CCM Kirumba uko palepale. Pamba waliporudi Ligi Kuu 2024, baada ya miaka zaidi ya 20 nje, tuliujaza kama zamani. Eneo lile lingeuzwa lingeleta hela ambazo fremu zote za mtaa hazifikii. Halijauzwa. Kwa nini? Kwa sababu lina mmiliki anayejulikana. Viwanja vya namna hii vilijengwa enzi za chama kimoja kwa nguvu na michango ya wananchi, na vyama vingi viliporudi 1992 vikabaki mikononi mwa CCM. Kuna wanaosema vingerudishwa kwa umma, na mimi nawaelewa. Lakini angalia somo lililopo: chenye mwenyewe kimebaki.

Furahisha nayo ipo. Kila kiongozi mkubwa akija Mwanza anahutubia pale. Kwa maoni yangu ndicho kinachoilinda, wakubwa wanaihitaji.

Sasa kiwanja cha chandimu kilikuwa cha nani? Cha wote. Na cha wote hakina hati, hakina mlinzi, hakina wa kwenda ardhi kuuliza. Siku anatokea mtu na karatasi, hata ya mashaka, yeye ana karatasi na ninyi mna mpira wa makaratasi na kamba. Mnafikiri nani anashinda?

WAPIMAJI WANAPOKUJA

Jambo hili siyo historia, linaendelea. Ilemela, kama sehemu nyingine nyingi nchini, imekuwa kwenye urasimishaji: wapimaji wanapita mitaa iliyojengwa bila mpango, wanachora, wanaweka bikoni, mwenye nyumba anapata hati. Nia ni nzuri na mimi naiunga mkono. Bibi aliyejenga mlimani miaka 40 iliyopita akipata hati, hawezi kusukumwa kirahisi. Barabara ikichongwa, hata gari la zimamoto au mgonjwa linapita.

Lakini urasimishaji unafanyika kwa makubaliano ya wenye maeneo. Kwenye kikao wanakaa wenye nyumba. Wanabishana mpaka wa huyu na yule, nani atoe mita moja ipite njia. Mpangaji hayupo. Kijana hayupo, yuko kijiweni au kazini. Watoto ndiyo kabisa. Na hao ndio wanaotumia maeneo ya wazi kuliko mtu mwingine yeyote! Mwenye nyumba yenye uani wake hahitaji uwanja. Kwa hiyo ramani inachorwa, kila kiwanja kinavutwa mpaka kigusane na cha jirani, na ile nafasi ya katikati ambayo haikuwa ya mtu inapotea kihalali kabisa. Na ikishapotea kwenye mchoro, hata kelele haisaidii.

Kuna mdau atasema: wewe unalilia chandimu wakati watu hawana pa kulala? Hoja hiyo ina uzito. Namjibu hivi: fremu tatu hazijampa pa kulala mtu yeyote. Pia mtaa wenye watu wengi kwenye vyumba vidogo ndio unaohitaji nafasi ya nje kuliko mtaa wa matajiri. Capri Point wana bustani ndani ya geti. Sisi uani kwetu ni kamba za nguo na majiko ya mkaa.

Tena msidhani haiwezekani. Nairobi mwaka 1989 serikali ya Moi ilitaka kupandisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, akapiga kelele, akatukanwa mpaka bungeni. Wafadhili wakajitoa, ghorofa halikujengwa, na bustani ipo mpaka leo. Yeye alikuwa profesa, sawa. Lakini silaha yake ya kwanza ilikuwa barua.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuhudhurie mikutano ya mtaa. Mpangaji naye ni mkazi, mkutano wa mtaa siyo wa wenye nyumba peke yao. Wenyeviti tulionao walipatikana Novemba 2024, bado wana muda, tuwaulize mapema.

Pili, tuulize mchoro. Kila eneo linalopimwa lina ramani ya mipango miji, na kwenye ramani hiyo eneo la wazi linaandikwa ni eneo la wazi. Tangu 2012 Ilemela ilipotengwa na Jiji, mambo yetu ya ardhi yako Buswelu. Ni nauli ya hiace kwenda na kurudi. Vijana watano tukichanga hatushindwi. Tukikuta kiwanja kinachotumika hakimo kwenye mchoro, tuandike barua kabla bikoni hazijawekwa, nakala kwa diwani, na nakala ile igongwe muhuri.

Tatu, tupige picha. Sote tuna simu za kamera. Piga picha kiwanja kinachotumika leo, watoto wakiwa wanacheza, weka tarehe, tunza. Kesho akija mtu kusema palikuwa pake tangu zamani, tuwe na cha kumwonyesha.

Kwa hesabu yangu, jirani na kwetu kumebaki sehemu moja tu ambayo watoto wanacheza jioni. Haina jina, haina mstari wa chokaa, magoli ni mawe mawili. Wiki iliyopita nimeona mtu mwenye tepu ya kupimia pale. Nimemuuliza, akasema ametumwa tu. Jumatatu nakwenda kwa mtendaji wa mtaa kuuliza ametumwa na nani, na majibu nitayaweka hapa.

Wadau wa Kirumba, Kitangiri, Igogo, Mabatini na hata mlioko Dar na Nairobi: kwenu viwanja mlivyochezea utotoni vimebaki vingapi, na nani aliviuza? Tupeni maoni hapo chini. Matusi hapana, hoja ndiyo.

Nawasilisha.