Wanormani walimchukua mtakatifu, Waingereza wakamfukuza orgoiyot

Mjadala wa mashamba ya chai unapopamba moto Kericho na Bomet, hakosi mtu wa kudai kwamba mmishonari ndiye aliyetangulia na Biblia yake, mlowezi akafuata nyayo. Ni dai tamu la jukwaani, lakini halielezi Wakipsigis, wenyeji wa kaunti hizo, walivyotawaliwa. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, likaua na kuswaga mifugo yao. Mwaka huohuo Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha misheni yake ya Lumbwa. Miaka inalingana, ila bunduki haikuwa imengojea kengele ya kanisa.

Mshindi anayehitaji kanisa kweli anaonekana kwingine, kaskazini mwa Uingereza. Majira ya baridi ya 1069 hadi 1070, Mfalme William Mshindi na Wanormani wake waliteketeza vijiji na akiba za chakula mpaka njaa ikamaliza watu. Kisha wakajenga. Ngome ya Durham ilianza 1072, na mwaka 1093 askofu William wa Saint-Calais akaanza kanisa kuu jipya jirani nayo, juu ya kilima kilekile. Makasisi wenyeji waliolinda mwili wa Mtakatifu Cuthbert walikuwa wameshaondolewa tangu 1083, nafasi yao wakapewa watawa. Cuthbert mwenyewe hakufukuzwa. Mwaka 1104 mwili wake uliingizwa kwa heshima kuu ndani ya jengo la washindi, na tangu hapo aliyetaka kuhiji kwa mtakatifu wa babu zake alipita chini ya matao ya mtawala. Ukatili ulikuwepo, lakini ujanja pia ulikuwepo.

Huku kwetu ujanja huo haukuonekana. Mwaka 1914 serikali ilimhamisha orgoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, Kipchomber arap Koilegen pamoja na ndugu zake. Mwaka 1934 ikatunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wake wote, na watu takriban 700, watoto wakiwemo, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Ardhi nayo ilipita njia yake: baada ya Vita vya Kwanza maofisa walemavu wa Kiingereza waligawiwa eneo la Kericho walime kitani, kitani kikashindikana, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia na chai. Kazi hiyo yote ilifanywa kwa sheria, ramani ya mpimaji na askari. Misheni ilistawi katika uwanja ambao mamlaka ya kiroho ya awali ilikuwa imeng'olewa na mkono mwingine.

Watakaopinga watasema Talai walikuwa wageni kutoka Nandi, waliogopwa, na baadhi ya Wakipsigis walifurahia kuondoka kwao. Huenda wapo waliofurahi. Lakini kiongozi ambaye watu wamemkataa hahitaji kutungiwa sheria, na hakuna hofu inayohalalisha kuadhibu ukoo mzima kwa jina lake tu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: hospitali ya misheni ya Tenwek imetibu maelfu kwa maelfu, shule za misheni zilifungua milango, na watu waliingia kanisani kwa hiari yao. Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lililofunguliwa Kericho mwaka 2015 ni la waumini wenyewe, si mnara wa mtekaji. Nakubali yote. Ndiyo sababu siwashtaki wamishonari kwa uvamizi. Naona tu kwamba waliorithi uwanja uliofagiliwa wana wajibu ambao mtekaji hakuwaachia kwa maandishi.

Tume ya Taifa ya Ardhi ilitambua dhuluma hii mwaka 2019, na mwaka 2022 walalamikaji wa Kipsigis na Talai wakaipeleka kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tangu hapo mashamba ya Finlay na yale yaliyokuwa ya Brooke Bond yamenunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Wenye mashamba wamebadilika, Talai wakiwa bado hawana jibu. Maaskofu na wachungaji wa kaunti hizi mbili wanasikilizwa na gavana, na kampuni, na hata na mchumaji wa chai. Hakuna taasisi nyingine hapa yenye masikio mengi hivyo. Wafungue kumbukumbu zao za misheni zisomwe na walalamikaji, na watakapoitwa kuombea mikutano ya upangishaji wa ardhi, waulize kabla ya sala ni kiti kipi kilichotengewa Talai.