Uwanja wa Nelson Mandela: Faida inaingia mfuko wa nani?

WAPENZI wa soka wanaukumbuka Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kwa jambo moja. Oktoba 22, 2020, Tanzania Prisons iliifunga Simba, bingwa mtetezi wa Ligi Kuu, bao 1-0. Utani wa uchawi, ambao mji huo umebebeshwa miaka mingi, ulirudi vijiweni. Lakini kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Ufipa, mechi ya namna ile ina hesabu nyingine, nayo ndiyo inayostahili ukurasa huu.

Oktoba ni mwezi mgumu katika uwanda wa juu wa Ufipa. Mahindi yamekwishavunwa, mengi yameuzwa kwa wachuuzi au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na mvua zinatarajiwa Novemba. Ndipo fedha ya mbegu na mbolea inapotafutwa kwa udi na uvumba. Katika mwezi huo, timu kubwa ikija mjini huja na watu wenye fedha taslimu. Wanalala gesti, wanapanda bodaboda, wanakula. Mamantilie naye hana budi kununua maharage ya Ufipa, mchele wa bonde la Rukwa na migebuka ya Kasanga. Ni gulio la siku moja, ila wanunuzi wake hawana muda wa kubishania bei.

Prisons si timu ya Sumbawanga. Ni ya Jeshi la Magereza, na maskani yake ni Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Katika msimu wa 2020/21 iliuhamishia Rukwa uwanja wake wa nyumbani, umbali wa zaidi ya kilometa 300. Miaka ishirini kabla ya hapo jambo hilo lingekuwa ndoto. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi, na masika malori ya mahindi yalikwama kwenye tope. Lami ilikuja kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia (MCC) wa mwaka 2008 hadi 2013. Ilijengwa ili mazao yatoke, na njia hiyo hiyo ndiyo iliyoiingiza Ligi Kuu.

Yanga nayo ililazimishwa sare ya 1-1 katika uwanja huo Desemba 31, 2020, ikarudi Desemba 2021 na kushinda 2-1. Baadaye Prisons ilirejea Sokoine. Hakuna sababu ya kuilaumu; mgeni hurudi kwao. Swali ni kwa nini mji wenye chakula, barabara na mashabiki umebaki kutegemea mgeni.

Sehemu ya jibu imo katika umiliki. Kama ilivyo kwa Sokoine, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora na Majimaji wa Songea, uwanja huu uko mikononi mwa CCM. Viwanja vya aina hiyo ni urithi wa enzi za chama kimoja, wakati chama na serikali vilikuwa kama kitu kimoja na wananchi wa kila aina wakichangia maendeleo. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, viwanja vilibaki kwa chama. Tangu hapo, halmashauri haiweki fedha kwa sababu mali si yake, klabu haiweki kwa sababu ni mpangaji, na mwenye mali hukusanya kodi ya pango. Si ajabu kwamba Bodi ya Ligi imewahi kuvifungia viwanja kadhaa nchini kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea.

Wapo watakaosema Manispaa itoe fedha za ukarabati. Ni hoja nzuri masikioni, lakini fedha hizo zinatoka wapi? Katika mkoa wa mahindi, ushuru wa mazao ni sehemu ya jibu. Ushuru huo ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 2 kwa mazao ya chakula, hivyo kapu lenyewe si kubwa. Kuchukua shilingi ya mkulima na kuipeleka kwenye mali ya mwingine bila mkataba si uwekezaji, ni zawadi. Kwanza Manispaa ipate haki ya kuutumia uwanja kwa miaka 15 au 20, fungu la mapato ya mlangoni liwekwe kwenye akaunti ya matengenezo, na vibanda vya nje wapewe wafanyabiashara wa soko la mjini. Baada ya hapo ndipo waitwe mafundi.

Haraka ipo, kwa sababu mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya Sh bilioni 225. Klabu sasa inapata fedha hata jukwaa likiwa nusu tupu. Mamantilie hapati kitu kwa mechi inayochezwa Mbeya. Kitakachoivuta timu kupanda tena Ufipa ni nyasi nzuri, na mvua za huko huziotesha bila shida. Kazi ni kuzimwagilia kuanzia Mei hadi Oktoba, maana Ligi huanza kiangazi hakijaisha. Kisima, pampu na mtu wa kulipwa mshahara: mkataba uanze kwa kuandika ni nani atakayegharamia vitu hivyo vitatu.