Siha ya Nyumba: Dhana Si Yakini

Wasomaji wetu, moyo una milango minne ipitishayo damu na kuizuia isirudi nyuma. Matabibu huiita vali. Mmoja wao ndio utoao damu kuipeleka mwilini kote. Kwa baadhi ya watu, hasa wazee, mlango huo huingia chokaa, ukawa mgumu na nafasi yake ikawa finyu. Hapo mtu huishiwa na pumzi akitembea, hubanwa na kifua, au huzirai.

Matabibu waliona ugonjwa huu wafanana na ule wa mishipa kuzibwa na mafuta. Basi wakadhani kuwa dawa ya kupunguza mafuta ya damu itauzuia mlango usizidi kusonga. Dhana hiyo ilikuwa na maana, lakini dhana haitibu mtu.

Huko Edinburgh, Scotland, wagonjwa 155 waligawanywa kwa kura. Fungu moja walipewa dawa iitwayo atorvastatini, na fungu la pili kidonge kifananacho nayo kisicho na dawa ndani. Wala mgonjwa wala tabibu wake hakujua nani ala kipi, ili matumaini yasije yakahukumu mahali pa macho. Jawabu lilitangazwa mwaka 2005: mafuta yalipungua kwa nusu hivi, lakini milango ilizidi kusonga kwa kadiri moja katika mafungu yote mawili. Mwaka 2008 likatoka jawabu la wagonjwa 1,873 wa nchi saba za Ulaya, waliojaribiwa kwa simvastatini pamoja na ezetimibu. Mishipa ya moyo ilifaidika; vali haikufaidika.

Je, kazi hiyo ilipotea bure? Hasha! Lau isingalifanywa, wazee wetu wangalimeza vidonge na kungoja, na huku mlango wazidi kufunga. Hata leo hapana kidonge kilichothibitika kuuzuia. Vali iliyosonga sana hubadilishwa, ama kwa kupasua kifua, ama kwa mrija upitishwao katika mshipa wa paja.

Basi enyi vijana, mkisikia sifa za dawa mpya ya moyo, ulizeni: imejaribiwa kwa watu wangapi, na imelinganishwa na nini? Wala mtu asiache dawa ya mafuta aliyopewa na tabibu kwa maradhi mengine. Na mzee aliyeambiwa vali yake yataka kubadilishwa, msimcheleweshe kwa kungojea kidonge ambacho bado hakijapatikana.