Alama zetu juu ya makaratasi zifike mpaka kwa telefone

Ndugu wachimbaji, mama na vijana wa migodi, tunataka kuzungumuza juu ya kitu chenye wengi wanazani ni cha watu wa biro tu: programu za kutia alama na maneno juu ya makaratasi ya PDF. Kwetu Mutarule na katika uwanda wa Ruzizi, ni mambo ya chakula.

Code minier ya 2002, yenye ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inalazimisha mwenye permis d'exploitation kutia sahihi cahier des charges pamoja na wenyeji, na kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Tena, 15% ya redevance ni ya secteur, chefferie ao komine yenye mugodi iko ndani. Lakini makaratasi hayo ni ya Kifaransa, kurasa ni nyingi, na mara nyingi yanapitia kwa telefone. Tunayasoma pamoja, tunatafsiri, tunabishana. Pembeni tunataka kuandika: "hapa hakuna tarehe", "masomo ya watoto iko wapi?" Alama zikipotea, siku ya mukutano kila mutu anakumbuka ya kwake, na wenye kujipanga njo wanashinda.

Wengine watasema: muandike kwa bic, inatosha. Bic ni muzuri. Lakini karatasi moja inakaa kwa nyumba moja, inalowa na mvua, na siku ya kukimbia inabakia nyuma. Faili inaweza kuwa kwa watu makumi mbili.

Programu za bure zipo. Xournal ilianzishwa na mwalimu wa hesabu, Denis Auroux, kwa ajili ya Linux. Wengine wakaiandika upya, ikakuwa Xournal++, na leo inatumika pia kwa Windows na macOS. Okular nayo ilitoka kwa Linux ikafika kwa Windows. Iliwezekana sababu ndani yake ni wazi: leseni inaruhusu kila mutu kuisoma, kuibadirisha na kuigawa.

Kuhamisha programu si kukopi tu. Kila saa programu inaomba sistemu: nifungulie faili, nionyeshe herufi, nipokee kidole. Kila sistemu inajibu kwa namuna yake. Ni kama kupeleka motopompe kwa shimo ingine: motere ni ile ile, lakini tiyo na viungo vinabadirika. Hata Android, yenye moyo wake ni Linux, haipokee hivi hivi programu ya ordinatere.

Na sisi, wengi wetu hatuna ordinatere. Tuko na Android. Programu zingine za telefone zinaomba malipo, zingine zinapeleka karatasi yako kwa mashini ya mbali. Karatasi yenye hatujatia sahihi, sababu gani itembee kwa wageni?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Moja: wanafunzi wa informatique wa Uvira na Bukavu wachukue kazi hii kama travail yao ya mwisho. Wasaidie programu huru kufanya kazi muzuri kwa telefone ndogo, bila intaneti, na maneno yake yawe ya Kiswahili. Sisi tutaijaribu kwa migodi na kuwaambia wazi penye inakwama.

Mbili: alama zikae ndani ya PDF yenyewe. Tangu 2008 PDF ni kanuni ya kimataifa ya ISO, haiko tena siri ya kampuni moja. Wenye kutumia Xournal++ wajue: inaweka kazi katika faili yake ya pekee. Mbele ya kutuma, itoeni kwanza kama PDF, juu ndugu wa upande ingine aone maneno yenu.

Sheria inatupa haki ya kujadiliana. Tuingie kwa meza na karatasi yenye tumesoma mustari kwa mustari, na maulizo yetu yakiwa juu yake.