Bahasha Ina Namba, Kapu Halina Risiti

Leo naingia kanisani, msininunie.

Huku kwetu pande za Mbwemkuru, Nachingwea mpaka Ruangwa, mkulima wa korosho humzugi kirahisi. Tangu stakabadhi ghalani ianze kusini msimu wa 2007/08, mambo hadharani: korosho zinapita chama cha msingi, zinakwenda kwenye mnada wa RUNALI, bei inatangazwa. Makato yakizidi hata shilingi 10 kwa kilo, wazee wanasimama mkutanoni mpaka katibu anatoka jasho.

Sasa Jumapili mzee huyo huyo anatumbukiza zaka kwenye kapu, halafu kimya! Hajui zimeingia ngapi wala zimekwenda wapi. Akiuliza, anaambiwa asimguse mpakwa mafuta.

Kuna kanisa moja (silitaji, msinitafutie balaa) nimeshuhudia bibi muuza mihogo akitajwa mbele za watu kwa sababu bahasha yake ina deni. Kigogo mwenye gari hajaonekana tangu Pasaka, lakini harusi ya bintiye ilikuwa na wachungaji watatu. Ilipopatikana nafasi ya kusomeshwa, ikamwangukia mpwa wa mzee wa kanisa. Bahati hiyo jamani!

Msidhani ni ushamba wa huku. Januari 2017, Askofu Mkuu wa Anglikana, Jacob Chimeledya, alitangaza kumwondoa Askofu Valentino Mokiwa wa Dar es Salaam kwa tuhuma zikiwemo za mali za kanisa. Mokiwa akagoma. Zogo likawa kubwa: nani hasa ana ubavu wa kumwajibisha askofu?

Jibu lipo tangu zamani. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa Kiyunani walirukwa kwenye mgawo wa kila siku, watu wakalalamika. Mitume hawakuwaita waasi. Waliitisha mkutano, wakawaachia waumini wachague watu saba wenye sifa njema wasimamie mgawo. Wao wakabaki na neno na sala.

Kwa hiyo nyie washikaji wa mjini, mnaotuma michango ya ujenzi nyumbani kwa simu, ombeni hesabu. Isomwe kila mwezi, na wanaoishika wachaguliwe na waumini, siyo na mchungaji. Kama bibi anasomewa deni lake hadharani, kanisa nalo lisome matumizi yake hadharani. Ngoma droo!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.