Televisheni ya Vijijini: Mafunzo ya Mnara Mdogo wa Pij

Maendeleo ya televisheni aghalabu hupimwa kwa ukubwa wa eneo linalofikiwa na mawimbi. Ramani huchorwa, kila mnara huzungushiwa duara, na wote wanaoishi ndani ya duara hilo huhesabiwa kuwa wamehudumiwa. Kipimo hiki humfaa fundi wa mitambo, lakini hakimtoshi mkulima aliyeketi mbele ya televisheni baada ya kazi ya mchana. Huyo hutaka kujua kama yanayosemwa yanahusu shamba lake na ng'ombe wake, na kama yanasemwa kwa lugha aielewayo. Tofauti iliyopo baina ya vipimo hivi viwili ilidhihirika katika kituo kidogo cha televisheni cha kijiji cha Pij, wilayani Kheda, katika jimbo la Gujarat nchini India, kilichorusha matangazo yake kutoka mwaka 1975 hadi 1985.

Kabla ya kukieleza kituo hicho, yafaa kukumbuka jinsi mawimbi ya televisheni yanavyosafiri. Mawimbi hayo hufuata njia iliyokaribia kunyooka, na kwa kuwa dunia ni mviringo, hufika mahali yakaipita nyumba ya mtazamaji juu kwa juu. Kwa makadirio, umbali wa upeo wa mawimbi kwa kilomita hupatikana kwa kuzidisha 4.1 kwa kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita. Mnara wa mita 100 katika nchi tambarare utafika kilomita 41 hivi. Anayetaka kuuzidisha umbali huo mara mbili hana budi kuuzidisha urefu wa mnara mara nne, yaani kujenga mnara wa mita 400. Hii ndiyo sababu kuu iliyofanya vijiji vilivyo mbali na miji kuchelewa kupata televisheni katika nchi nyingi.

Wanasayansi wa India walitafuta njia ya kuikwepa gharama hiyo kwa kutumia setilaiti. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1975 hadi tarehe 31 Julai 1976, Shirika la Utafiti wa Anga la India, likishirikiana na lile la Marekani, lilirusha vipindi moja kwa moja hadi katika vijiji 2,400 hivi vya majimbo sita. Setilaiti iliyotumika, ATS-6, ilikuwa ya Marekani. Iliwekwa angani kilomita 36,000 juu ya ikweta, karibu na longitudo ya digrii 35 Mashariki. Mwanafunzi akifungua atlasi yake ataona kwamba mahali hapo ni katika ardhi ya Kenya, mashariki kidogo ya Kisumu. Kutoka juu ya Afrika Mashariki, mawimbi yalishuka hadi katika vijiji vya India, yakapokewa kwa antena za umbo la bakuli zenye upana wa mita 3, zilizotengenezwa kwa wavu kama ule wa kufugia kuku.

Lilikuwa jambo kubwa la kitaalamu, lakini lilikuwa na mipaka yake. Matangazo ya saa 4 kwa siku yaligawanywa kwa lugha nne, na mazungumzo juu ya mbegu yalilazimika kuwafaa wakulima wa mabonde ya mpunga na wa nchi kavu kwa pamoja. Zaidi ya hayo, setilaiti ilikuwa ya kuazima. Mwaka ulipokwisha, ilirudishwa upande wa Marekani, na matangazo yake kwa vijiji hivyo yakakoma.

Mnara wa Pij haukuondoka. Mtambo wake ulikuwa na nguvu ya kilowati 1 tu, na matangazo yake yalikihudumia kipande cha wilaya moja, ambako mamia ya seti za jumuiya ziliwekwa vijijini ili watu watazame pamoja jioni. Vipindi vilitengenezwa katika studio ya Ahmedabad, yapata kilomita 50 kutoka hapo, kwa lugha ya Kigujarati inayosemwa na wenyeji. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watayarishaji wa Kheda walilizingatia jambo hili kwa kuwatanguliza watafiti wa mambo ya jamii, ambao walikwenda vijijini kuuliza kabla ya kipindi kuandikwa. Wanakijiji wenyewe walishiriki katika kuandika na kuigiza. Mambo yaliyozungumzwa hayakuwa ya ufugaji na kilimo peke yake, bali pia ujira wa vibarua, ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa, ulevi na uzazi wa mpango. Juhudi hizo zilitambuliwa baadaye kwa tuzo ya UNESCO ya mawasiliano ya vijijini.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba televisheni peke yake ilitenda miujiza. Kheda ni wilaya ya ushirika wa maziwa wa Amul, ulioanzishwa Anand mwaka 1946. Mfugaji aliyeelezwa na televisheni kuhusu maradhi ya ng'ombe alikuwa na ushirika wenye madaktari wa mifugo na huduma ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, na alikuwa na mahali pa kuuzia maziwa kila siku. Ushauri ulikutana na uwezo wa kuutekeleza. Mahali pasipo na huduma kama hizo, kipindi kizuri humwachia mtazamaji hamu tu.

Mwaka 1985 kituo cha Pij kilifungwa. Wakati huo mtambo wenye nguvu zaidi wa Ahmedabad ulikuwa umeweza kulifikia eneo lile lile. Kwa hesabu ya duara la ramani, mnara mdogo ulikuwa hauna kazi tena. Wenyeji walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Mawimbi yalibaki, lakini saa yao ya jioni, kwa habari zao na sauti zao, iliondoka.

Hapana budi kukiri kwamba waliofanya uamuzi wa namna hiyo walikuwa na sababu. Masafa ya televisheni yalikuwa machache, mitambo ilikuwa ghali, na nchi ilikuwa na wilaya nyingi ambazo hazijaona televisheni hata siku moja. Kuupa mji mwingine mtambo unaoonekana kurudia kazi ya mwingine kulikuwa na mantiki yake. Kosa lilikuwa katika kuhesabu mawimbi na kuacha kuhesabu vipindi. Mitambo miwili inayofika mahali pamoja hairudii kazi ikiwa mmoja huzungumza na taifa zima na mwingine huzungumza na kijiji.

Suala hili linaihusu Afrika Mashariki ya leo. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analogia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya kukamilisha hatua hiyo mwaka 2015, uhaba wa masafa umepungua sana, kwa maana mfumo wa dijitali huwezesha masafa yaliyobeba chaneli moja kubeba chaneli kumi na zaidi. Kijiji chenye umeme na king'amuzi hupokea leo chaneli nyingi kuliko zilizowahi kufika Pij. Lakini mfugaji anaweza kuzipitia zote usiku mmoja asikute hata moja inayotaja mnada wake, josho lake au ugonjwa ulioingia zizini kwa jirani yake.

Kwa hiyo, wanaopanga televisheni ya umma wangefanya vema kutenga, miongoni mwa chaneli hizo, saa chache kwa kila mkoa, pamoja na fedha za kuwapeleka watayarishaji vijijini kabla ya kuandika na baada ya kutangaza. Maafisa wa kilimo, mifugo na afya washirikishwe tangu mwanzo, ili kinachoshauriwa jioni kipatikane asubuhi. Nayo hesabu ya mwisho wa mwaka isiishie kwenye idadi ya minara, bali iwahoji watazamaji ni lipi walilosikia likawafaa.